Bendera Nusu Mlingoti kwa Mama Mmoja wa Muleba

Nesi wetu wa Kashai, hapa Bukoba mjini, amefariki. Habari ilinifikia Jumatano asubuhi nikiwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Aliyenipigia simu ni mama mwenye nyumba aliyompangisha, mama wa Kiislamu ambaye kwa kawaida hupaza sauti hata anapokupa siri. Safari hii alinong'ona. "Mpangaji wangu ametutoka, baba. Presha. Tumemfikisha hospitali, daktari akasema tumechelewa." Kinyozi alizima mashine yake akasubiri. Nilipomweleza aliuliza, "Ni yule mrefu wa duka la dawa?" Nikasema ndiye. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema mama yule ndiye mtu pekee aliyewahi kumchoma sindano mwanawe bila mtoto kulia. Nimewaandikia nyinyi wasomaji wangu kuhusu mawaziri, maaskofu na wafanyabiashara waliofariki, na sikumbuki habari ya yeyote kati yao kumfanya kinyozi akae chini.

Alizaliwa Kashozi, akasomeshwa na watawa, akawa muuguzi. Wengi wetu tulimfahamu uzeeni tu, akiwa amepanga vyumba viwili Kashai na kufanya kazi kwenye duka la dawa la mtu mwingine. Mimi nilikuwa nampelekea mama yangu kupimwa presha. Nesi alikuwa na tabia ya kumsalimia mgonjwa kwa Kihaya kwanza, salamu ndefu, akiuliza habari za kibanja, yaani shamba la nyumbani, za migomba na za wajukuu, na wakati mgonjwa bado anajibu kipimo kilikuwa kimeshafungwa mkononi. Mama yangu alimwita "mwanangu", ingawa walipishana miaka michache tu. Hakuwa na mtoto. Hakuwa mtu wa kujieleza. Ukimuuliza kwa nini aliacha kazi ya serikali kabla ya muda wake, alikuambia, "Nilichoka," kisha akakuuliza kama unakunywa maji ya kutosha.

Nilianza kumjua kweli jioni moja tulipokuwa tunatoka dukani pamoja. Tulikuwa tunapita mbele ya ofisi moja ya serikali filimbi ilipopulizwa na mgambo akaanza kushusha bendera. Zamani kila mtu alisimama. Siku hizi wanasimama wachache, wengine wanapunguza mwendo tu na simu sikioni. Nesi aliweka kikapu chake chini, katikati ya njia, akanyoosha mgongo na mikono ikabana ubavuni. Kijana wa bodaboda akapiga honi nyuma yetu. "Mama, songa basi, unaziba njia!" Hakugeuka. Alisimama mpaka kitambaa kikakunjwa na kuingizwa ndani, ndipo akaokota kikapu. Nikamtania, "Mama Nesi, kumbe uliwahi kuwa mwanajeshi?" Akasema, "Nimepandisha na kushusha bendera ya zahanati miaka mingi kuliko umri wa huyo mwenye pikipiki." Tulitembea kidogo. Kisha akaongeza, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Mimi na bendera hatujawahi kugombana. Tuligombanishwa." Nikamuuliza nani aliwagombanisha. Akasema hayo si maneno ya barabarani, nije Jumapili baada ya misa.

Jumapili hiyo nilimkuta uani anamenya ndizi, na alinisimulia huku akiendelea kumenya. Alinipa sharti moja. "Ukitaka kuandika, andika nikishakufa. Na usimtaje mtu. Wengine bado wanaishi pale na wana watoto." Ndiyo maana leo naandika, na ndiyo maana hamtaona jina.

Alikuwa msimamizi wa zahanati katika kijiji kimoja cha Muleba, mbele ya Ijumbi, mahali penye kahawa na migomba mizuri na barabara mbaya. Siku ya tukio kulikuwa na sherehe ya kitaifa wilayani na mgeni mkubwa alikuwa anakuja. Kwa siku kadhaa watu walikuwa wamefyeka kando ya barabara, wamepaka mawe chokaa, na wanafunzi wamegawiwa bendera ndogo za karatasi. Asubuhi hiyo alikuja zahanati mke wa mkulima mmoja wa kahawa, akajifungua salama mtoto wa kike. Kisha damu ikakataa kukata. Nesi alifanya aliyoweza kwa vifaa alivyokuwa navyo, akaona havitoshi, akapiga simu kituo cha afya kuomba gari la wagonjwa.

Dereva alipokea. "Mama Nesi, nimo kwenye msafara."

"Nina mama anavuja damu. Nakuhitaji sasa hivi."

"Nikitoka bila amri, kazi sina."

"Nimwombe nani hiyo amri?"

"Wakubwa. Na wakubwa wako na mgeni, hawashiki simu."

Mume wa mgonjwa alikimbia akapata pikapu iliyokuwa inapakia ndizi. Wakashusha ndizi, wakatandika godoro. Mume alishika kichwa cha mkewe, Nesi akapiga magoti na kukandamiza tumbo kwa ngumi, na safari ikaanza. Walipofika barabara kuu askari akawasimamisha. Msafara ulikuwa karibu kupita na hakuna gari lililoruhusiwa kuingia barabarani. Mwenye pikapu akatoa kichwa dirishani, "Afande, tuna mgonjwa mahututi." Askari akajibu, "Na mimi nina amri. Zima gari." Wakazima. Watoto wa shule walikuwa wamejipanga kando wanapunga bendera zao na kuimba. Magari yakaanza kupita, moja baada ya jingine, mengi yakiwa na bendera mbele. Karibu na mwisho wa msafara likapita gari la wagonjwa, tupu. "Dereva aliniona," Nesi aliniambia. "Tulitazamana. Halafu akatazama mbele." Mkono wake ulikuwa bado tumboni kwa yule mama alipohisi mwili umelegea. Walipofunguliwa njia, mume alimwambia mwenye pikapu ageuze gari.

Kesho yake asubuhi Nesi alifanya kama alivyofanya kila siku. Alichukua bendera, akaifunga kwenye kamba, akaipandisha mpaka juu kabisa, maana ndivyo inavyotakiwa, kisha akaishusha mpaka nusu ya mlingoti, akafunga fundo. Akaingia ndani kuhudumia wagonjwa. Haikupita muda mrefu mtendaji wa kijiji akafika, hajamaliza hata kufunga vifungo vya shati.

"Mama Nesi, kamba imekwama?"

"Haijakwama."

"Mbona iko nusu? Nani amekufa?"

"Wewe hujui aliyekufa?"

"Yule? Lakini yule ni mtu wa kawaida."

"Ndiyo. Nimeishusha kwa ajili ya mtu wa kawaida."

Mtendaji alitazama huku na huku. "Mama, hilo hutangazwa na Ikulu. Si mimi wala si wewe."

"Basi wapigie uwaambie wamefiwa na raia wao."

Akabadilisha sauti, akaanza kumbembeleza kwa Kihaya. "Waitu, unaniua. Nina watoto. Ipandishe, nami nitasema ulikuwa upepo." Nesi alimwambia ataipandisha watakapokuwa wamemzika. Kama yeye mtendaji anataka kuipandisha sasa, kamba ile pale. Nesi alinisimulia hapa akiwa na tabasamu dogo: yule mtu aliikaribia kamba, akainua mkono, akaurudisha. Pengine aliogopa kuonekana na kijiji. Pengine naye alikuwa amemfahamu marehemu. Akaondoka. Bendera ikabaki vile mpaka mazishi. Wanawake waliokwenda kuteka maji walikuwa wakifika pale wanainua macho, kisha wanaendelea na ndoo zao. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuelezwa. Baada ya mazishi Nesi alirudi na viatu vyenye udongo wa kaburi, akafungua fundo, akaipandisha bendera mpaka juu.

Nimefanya kazi ya maneno maisha yangu yote, na sijawahi kuandika sentensi iliyo wazi kama ile. Hakumtukana mtu. Hakuchoma kitu wala kuandika kwenye ukuta. Kazi yake ilikuwa imempa mlingoti na kamba, akasema kwa kile alichokuwa nacho: kwamba amekufa mtu wa nchi hii, na nchi inapaswa kusikitika. Kama bendera ni yetu sote, kama tunavyofundishwa tangu darasa la kwanza, basi ile ilikuwa mara moja katika maisha ya kijiji kile ambapo kweli ilikuwa yao.

Haikuchukua muda, ukaitishwa mkutano wa hadhara kwenye ghala la kahawa. Alikuja mkubwa kutoka juu na watu wake. Nesi aliwekwa mbele kwenye kiti cha peke yake. Alielezwa kwamba amedharau alama ya taifa, amechafua siku ya furaha, na kwamba mambo ya namna hiyo hayafanywi na nesi wa kijijini bila kuwapo watu nyuma yake. Swali lilikuwa moja na liliulizwa kwa namna nyingi. Nani amekutuma? Alijibu kila mara kwamba hakutumwa. Ndipo yule mkubwa akageukia watu akamwita mfiwa asimame. Akasimama, bado hajanyoa ndevu za msiba.

"Wewe ulimtuma huyu ashushe bendera ya taifa?"

"Hapana."

"Ulimwomba?"

"Sikumwomba. Mimi sijui mambo ya bendera. Mke wangu alikufa kwa mapenzi ya Mungu."

"Umesikia, Nesi? Hata mwenye msiba hana malalamiko."

Na watu wakapiga makofi. Ghala zima. Hapa ndipo Nesi aliacha kumenya ndizi kwa mara ya kwanza tangu aanze kusimulia. Alisema hakuumia kwa maneno ya yule mkubwa, alikuwa ameyatarajia. Hakuumia hata kwa maneno ya mfiwa. "Usimlaumu yule," aliniambia. "Alikuwa na mtoto mchanga asiye na mama, na kahawa yake inapimwa na watu walewale waliokaa mbele." Kilichomuumiza ni makofi. "Mikono ile niliijua. Mingine niliishika inatoka tumboni mwa mama zao."

Aliambiwa aombe radhi mbele ya mlingoti. Akakataa, kwa upole, akisema hajui anaomba radhi kwa kosa gani. Akahamishiwa mahali pa mbali, kwenye kazi ya kukaa stoo na kugawa vitambaa na sabuni, pasipo mgonjwa hata mmoja. Alivumilia kidogo kisha akaandika barua ya kuacha kazi. Hivyo ndivyo Kashai tulivyompata nesi bora kuliko tuliyestahili.

Tangu Jumapili ile nimekuwa nikiona aibu, na sijapata mahali pa kuiweka. Si aibu ya kijiji kile peke yake. Sisi watu wa Kagera hupenda kujisifu kwamba tulitangulia kusoma, tuna maprofesa na maaskofu, tunajua kuzungumza. Lakini angalia tunavyozungumza. Kwenye mgahawa, mtu akitaka kusema jambo la kweli anatazama kwanza nani amekaa meza ya nyuma. Kwenye makundi ya simu, mtu akiandika neno zito, wa pili anajibu, "Kiongozi, tusiende huko," na wa tatu anatuma picha ya maua. Hatuhitaji tena mtu wa kutunyamazisha, kazi hiyo tunaifanya wenyewe kwa wenyewe na kuiita busara. Na alama zetu za taifa tumezigeuza kuwa vitu vya kuogopa. Tunajua kitambaa kisiguse ardhi, kisinyeshewe, kisichanike, na sheria hizo ni nzuri, sizipingi. Lakini yule mama alilala juu ya godoro la pikapu mbele ya bendera zisizohesabika, na katika mikono yote iliyozishika hakuna hata mmoja uliosimamisha msafara. Tuliheshimu nini siku ile?

Nilidhani aibu yangu ingeishia hapo. Jumamosi tulimzika Kashozi, kwenye kibanja cha kaka yake. Watu walikuja wengi, kutoka Bukoba mjini na kutoka Muleba pia. Wasifu ulisomwa na mpwa wake kwa sauti nzuri: alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alitumikia, "na baadaye alistaafu kwa hiari yake." Nikaona vichwa kadhaa vinainama kutazama viatu. Akasimama mtu aliyekuja kwa niaba ya ofisi, akamsifu marehemu kuwa mtumishi mtiifu na mzalendo ambaye vijana wanapaswa kumwiga. Aliyasema kwa unyofu kabisa. Sidhani alikuwa anajua lolote, na hilo nalo ni sehemu ya mambo yanayonifedhehesha: tumelificha tukio lile vizuri kiasi kwamba hata warithi wa waliolifanya hawalijui.

Wakati wa kutia udongo, mzee mmoja mwenye koti kubwa alitoka nyuma. Alikuwa amekuja na mkungu wa ndizi kutoka Muleba, nilimwona akiukabidhi jikoni asubuhi. Alimwomba msimamizi wa ratiba nafasi ya kusema, nikasikia akijibiwa, "Mzee, muda umetubana, padri ana misa nyingine." Mzee akaitikia kwa kichwa. Akasogea mpaka ukingoni mwa kaburi kama anayekwenda kutia udongo wake, akashika udongo, lakini hakuutupa. Akaanza kusema kwa Kihaya, kwa sauti ambayo si ya kunong'ona wala ya kuhutubia. "Mama Nesi, mimi ndiye yule. Siku ile kwenye ghala waliniuliza kama nilikutuma..." Nilijua ni nani kabla hajafika mwisho wa sentensi. Wazee waliotoka Muleba walijua pia, maana walianza kukohoa na kusogeza miguu. Msimamizi wa ratiba alimtazama kiongozi wa kwaya na kupunga mkono kidogo. Kwaya ikaanza wimbo, ule wa maziko ambao kila Mkatoliki wa Bukoba anaujua. Nasi tukaitikia. Midomo ya mzee iliendelea kwenda. Wimbo ulikuwa mzuri, sauti za wanaume zilikaa vizuri chini ya zile za wanawake, na tulikuwa tumeshafika ubeti wa pili nilipotambua sauti yangu imo. Nikafunga mdomo. Mzee alikuwa amemaliza. Akatupa udongo wake, akajipangusa mikono, akatoka.

Nilimfuata. Nilimkuta barabarani anasubiri bodaboda ya kumrudisha Bukoba akapande gari la Muleba. Nikampa pole, nikamwambia Nesi aliwahi kunisimulia. Hakushangaa. Nikamuuliza ni nini alichotaka kumalizia.

"Nilimaliza."

"Hatukusikia, mzee. Tulikuwa tunaimba."

"Sikuwa nasema na nyinyi," akasema, bila ukali wowote. Kisha, labda kwa kunihurumia, akaniambia. "Nilimwambia, 'Ni mimi niliyekutuma.'"

"Lakini hukumtuma."

"Sikumtuma." Pikipiki ilikuwa imeshafika, akapanda na kukunja koti lake lisiingie kwenye gurudumu. "Ningemtuma. Ningekuwa na akili siku ile, ningemtuma."

Nimekaa na jibu hilo tangu Jumamosi. Swali aliloulizwa Nesi ghalani bado linaulizwa nchini mwetu, kwa mwalimu anayelalamikia madarasa, kwa kijana anayeandika kwenye simu yake, kwa mama anayesimama kwenye mkutano na kuuliza dawa zimekwenda wapi. Nani amekutuma? Linaulizwa kwa sababu anayeuliza anajua tutakaa kimya, na mtu mmoja ambaye hakutumwa na yeyote ni rahisi kumhamishia stoo. Sitaki kuwafundisha ujasiri, mimi niliyekuwa naimba. Ninachosema ni hiki tu: siku nyingine swali hilo likiulizwa mbele yenu, kabla hamjapiga makofi, tazameni aliyekaa kwenye kile kiti cha peke yake, na mmoja wenu aseme kwa sauti inayosikika kwamba aliyemtuma ni yeye.